Mashine ya Mkono ya Kubangulia Korosho: Ya Bei Nafuu Inatosha, Ukijua Unachonunua

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa, kuanzia mwezi wa Oktoba, watu wa Kilwa na pwani ya Lindi hurudia swali lile lile: kwa nini tuuze ghafi yote? Swali hilo lina haki yake. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania hupanda meli ikiwa bado ndani ya ganda lake, ikaenda kubanguliwa India na Vietnam. Huku nyumbani, abiria anayeshuka kwenye basi Nangurukuru, au pale Mnazi Mmoja, Mingoyo, barabara inapogawanyika kwenda Mtwara na Masasi, ananunua kipakiti kidogo cha korosho zilizobanguliwa kwa bei ambayo mkulima akiipigia hesabu ya kilo anabaki kutikisa kichwa. Hapo ndipo wazo la kununua mashine linapozaliwa.

Mashine ambayo familia au kikundi huifikiria kwanza ni ile ya mkono: chuma kinachofungwa juu ya meza, chenye visu viwili na mkono wa kushusha. Haili umeme, watu wawili wanaibeba bila shida, na fundi wa kuchomelea aliyeizoea anaweza kuitengeneza upya ikiharibika. Inauzwa kwa bei mbalimbali. Zipo za karakana zetu, zipo zinazotoka India, na zipo zilizopigwa rangi ya kung'aa kuliko kazi inayofanyika ndani yake.

Shauri langu nalitoa mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta mwishoni. Kama unaanza, nunua ya bei nafuu, wala usione haya. Lakini inunue ukijua kwamba inafanya kazi moja tu, kupasua ganda, na fedha uliyookoa ipeleke kwenye kupika kwa mvuke, kukausha na visu vya akiba. Wanaoshindwa na ubanguaji mdogo mara nyingi hawashindwi na mashine. Wanashindwa na kazi zilizo kabla na baada ya mashine.

Kupasua ni hatua moja tu

Tuzihesabu hatua zenyewe. Korosho ghafi hukaushwa juani baada ya kuokotwa na kutenganishwa na bibo lake. Kisha hupangwa kwa ukubwa. Hupikwa kwa mvuke ili ganda lilegee kwanza, halafu huachwa ipoe na kukakamaa. Ndipo hupasuliwa. Kiini kinachotoka, kikiwa bado kimevaa ganda jembamba jekundu, hukaushwa kwenye oveni kwa joto la kadiri ya nyuzi 70 kwa muda wa saa sita hadi nane, ili ganda hilo lijiachie. Humenywa, hupangwa madaraja, kisha hufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Mashine unayotaka kununua inahusika na hatua moja tu kati ya hizo. Muuzaji atakayekwambia kwamba mashine yake "inabangua kila kitu" muulize oveni iko wapi, na chombo cha mvuke kiko wapi. Kikundi kilichotumia fedha zake zote kwenye mashine nne za kupasua bila kuwa na pa kukaushia kitajikuta kina ndoo za viini vibichi vinavyoota ukungu kwa unyevu wa pwani. Mashine moja yenye oveni nzuri nyuma yake itaingiza fedha nyingi kuliko mashine nne zisizo na oveni.

Hesabu ya msingi ya kukumbuka ni hii: kilo moja ya ghafi ina korosho kati ya 150 na 200, na uzito wa kiini ukishatoka ni kama robo au moja ya tano ya uzito wa ghafi. Kwa maneno mengine, unahitaji kilo nne hadi tano za ghafi kupata kilo moja ya korosho karanga. Ukilijua hili, hutadanganywa na mtu anayekuahidi faida kwa kulinganisha bei ya kilo ya ghafi na bei ya kilo ya karanga kana kwamba ni kilo zile zile.

Kwa nini usitumie nyundo tu

Swali hili huulizwa na wazee, nao wana sababu. Korosho imebanguliwa kwa jiwe na kigongo tangu mti huu ulioletwa na Wareno kutoka Brazil ulipozoea mchanga wa pwani yetu. Mtu mwenye mkono uliozoea anapasua korosho kumi kwa dakika. Akifanya kazi saa nane bila kulegea, anafikia korosho 4,800 hivi, ambazo ni kama kilo tano za viini. Kwa matumizi ya nyumbani, au kwa biashara ya kujaribu soko, kigongo na kipande cha mti mgumu vinatosha kabisa. Gharama yake ni sifuri.

Tatizo la kigongo ni mambo mawili. La kwanza ni kuvunjika: pigo likizidi, kiini kinagawanyika. La pili ni mafuta ya ganda. Kati ya tabaka mbili za ganda la korosho kuna mafuta meusi mazito yenye asidi inayobabua ngozi. Anayepasua kwa kigongo yanamrukia vidoleni, na asipojihadhari yanamfika hata usoni. Yakigusa kiini, yanakiachia doa na ladha chungu. Mashine ya mkono inakata ganda badala ya kuliponda, kwa hiyo mafuta hayaruki sana na kiini hakipigwi. Faida yake ndiyo hiyo. Kasi huja baadaye, mkono ukishazoea.

Aina tatu, na funzo la viwanda

Ukiacha kigongo, sokoni utakutana na aina tatu.

Ya kwanza ni mashine ndogo ya mezani. Kisu kimoja kimefungwa chini, kingine kinashushwa kwa mkono. Korosho unaiweka kwa mkono wa kushoto, unashusha kwa kulia, kisha unapindua kidogo ili ganda lifunguke. Hii ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na ndiyo inayomfaa anayeanza.

Ya pili ni ya mkono na mguu, iliyoenea sana India na Brazil. Mbanguaji anaweka korosho katikati ya visu viwili vilivyopinda kufuata umbo lake. Anakanyaga pedali, visu vinalibana ganda na kulikata kuzunguka. Kisha anageuza mkono wa mashine na ganda linaachana pande mbili. Mara nyingi hukaa watu wawili: mmoja anapasua, mwenziwe anachokoa viini. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini mgongo na mabega havichoki upesi, na kazi inakwenda kwa mwendo mmoja tangu asubuhi hadi jioni.

Ya tatu ni ya umeme, yenye safu za visu zinazojilisha zenyewe. Hii siijadili kwa urefu, kwa sababu mnunuzi wa bei nafuu haimhusu, ila nitasema neno moja. Mashine inayojilisha yenyewe haina jicho. Inataka korosho za ukubwa mmoja, zilizopikwa sawasawa, na fundi wa kurekebisha visu kila saizi inapobadilika. Usipompa hayo, inavunja viini kwa haraka kuliko mtu yeyote.

Historia ya kwetu inalithibitisha hilo. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vikiwemo vya Lindi, Mtama na Nachingwea. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Msimu wa 1973/74 uzalishaji wa korosho nchini ulikuwa umefika tani 145,000 hivi, na viwanda vilipangwa kwa matumaini ya wingi huo. Lakini wakulima walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao nyuma, bei ikadidimia, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Viwanda vikakosa ghafi, na hata ghafi ilipokuwepo, mitambo ilivunja viini vingi. Vingi vilifungwa, na baadhi ya majengo yakaishia kuwa maghala. Anayenunua mashine leo ajifunze mambo mawili hapo: ukubwa wa mashine ufuate ghafi uliyo na uhakika nayo, na mashine ipimwe kwa viini vizima inavyotoa, si kwa ukubwa wa injini.

Mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha

Ukifika karakana, usianze na bei. Anza na visu. Visu vizuri hutengenezwa kwa chuma kigumu, na mafundi wetu wengi hutumia springi za gari, ambazo zinafaa sana. Uliza kama kisu kimefungwa kwa bolti au kimechomelewa. Kilichochomelewa kikatae, hata kama mashine inauzwa nusu bei, kwa sababu siku kisu kitakapoisha makali utalazimika kukata chuma chote. Cha bolti unakitoa, unakinoa, unakirudisha. Mwambie fundi waziwazi: "Fundi, nataka jozi mbili za visu vya akiba, na nivijaribu hapa hapa kama vinaingia." Kama hawezi kuvitoa, hiyo mashine ina maisha ya msimu mmoja.

Jambo la pili ni nafasi kati ya visu. Korosho za Kilwa si zote saizi moja. Zipo kubwa za mikorosho bora iliyosambazwa na kituo cha utafiti cha Naliendele, na zipo ndogo za mikorosho ya zamani. Mashine iwe na skrubu ya kusogeza au kubana visu, na iwe na kizuizi kinachomaliza mwendo wa mkono kabla kisu hakijafika kwenye kiini. Bila kizuizi hicho, kila korosho inategemea huruma ya mbanguaji, na jioni akichoka huruma inaisha.

Tatu, shika mkono wa mashine uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, bushi zimelegea au hazikuwekwa kabisa. Mchezo huo mdogo unaouona ukiwa na mashine mpya utakuwa mkubwa mara tatu baada ya mwezi, na kisu kitakuwa kinashuka upande. Hapo tena hukati ganda, unakata kiini.

Nne, angalia urefu wa mkono. Mfupi unachosha bega, mrefu mno unanyima kipimo. Mwanamke atakayeifanyia kazi ndiye ajaribu, si mumewe wala mwenyekiti wa kikundi. Vikundi vingi vya ubanguaji ni vya akina mama, lakini mashine hununuliwa na wanaume waliotumwa mjini, nao huchagua kwa nguvu za mikono yao wenyewe. Akina mama, nendeni wenyewe mkaijaribu.

Tano, kitako. Mashine nyepesi inayotembea juu ya meza inaharibu kazi. Iwe na matundu ya kuifungia kwenye mbao nene, na meza yenyewe iwe nzito. Meza si sehemu ya bei ya mashine, lakini ni sehemu ya mashine.

Sita, rangi. Sehemu inayogusa korosho isipakwe rangi hata kidogo, maana mafuta ya ganda yanaibabua na kuichanganya na chakula. Vilevile, karibu na visu usitumie grisi ya magari. Mafuta ya kupikia yanatosha.

Jaribio la korosho mia moja

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki. Nenda na korosho zako mwenyewe, zilizopikwa kwa mvuke na kupozwa siku moja kabla. Hesabu mia moja, changanya kubwa na ndogo. Bangua zote kwenye mashine unayotaka kuinunua, polepole, bila kushindana na mtu. Kisha hesabu viini vilivyotoka vizima. Rudia kwenye mashine nyingine kwa korosho za fungu lile lile. Usikubali kupimiwa kwa korosho za muuzaji, kwa sababu zake amezichagua.

Tuone kwa nini hesabu hii ina maana. Chukua kilo 100 za ghafi zilizokupa kilo 22 za viini. Mashine inayotoa vizima 85 kwa kila mia itakupa kilo 18.7 nzima na 3.3 zilizovunjika. Inayotoa 65 kwa mia itakupa kilo 14.3 nzima na 7.7 zilizovunjika. Tofauti ni kilo 4.4 zilizohama kutoka kwenye nzima kwenda kwenye vipande. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya nzima unaiuza shilingi 20,000 na ya vipande shilingi 12,000. Hapo kila kilo 100 za ghafi zinakupotezea shilingi 35,200. Kwa familia inayobangua tani mbili kwa msimu, hiyo ni shilingi 704,000. Weka bei za soko lako mahali pa hizi zangu, lakini hesabu ifanye hivyo hivyo.

Watu husema rahisi ni ghali. Kwenye mashine hii msemo huo ni kweli nusu tu. Mashine ya bei ndogo inayotoa nzima 85 ni rahisi kweli. Ya bei kubwa inayotoa nzima 65 ni ghali mara mbili, siku ya kuinunua na kila siku ya kuitumia.

Kumbuka pia kwamba kwenye soko la nje viini vizima ndivyo vinavyopangiwa madaraja ya juu kwa ukubwa wake: W180, W210, W240, W320 na W450. Namba hiyo ni idadi ya viini kwenye ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo kiini kinavyokuwa kikubwa na bei inavyopanda. Vipande navyo vina soko, kwa waokaji na wasaga siagi ya korosho, lakini havina bei ya nzima.

Mvuke ndio unaoamua

Kama kuna sehemu ya makala hii ya kuisoma mara mbili, ni hii. Mashine ile ile, kwa mikono ile ile, inaweza kutoa nzima 90 leo na 60 kesho, tofauti ikiwa ni namna korosho zilivyopikwa tu. Korosho isiyopikwa vya kutosha ina ganda gumu linaloteleza, na kiini kimeshikamana nalo. Iliyopikwa kupita kiasi inatoa mafuta yake ndani, kiini kinageuka rangi. Na iliyopasuliwa ikiwa bado ya moto inabonyea badala ya kukatika.

Viwanda hupika kwa mvuke wenye shinikizo kwa dakika chache. Mbanguaji mdogo asiye na boila anaweza kuanza na pipa lenye wavu katikati na maji chini, likafunikwa vizuri, na korosho zikakaa juu ya wavu bila kugusa maji. Kwa kuwa hapo hakuna shinikizo, muda unakuwa mrefu zaidi. Usinakili dakika za mtu mwingine. Pika fungu dogo, toa korosho chache kila baada ya dakika kumi, zipoze, zipasue, na uandike muda uliotoa matokeo bora kwa korosho zako. Ukitumia chombo kinachoshika shinikizo, kiwe na vali ya usalama inayofanya kazi, na usimruhusu fundi akuchomelee pipa la mafuta ya dizeli likawa boila. Pipa hilo halikutengenezwa kubeba shinikizo, na likipasuka linaua.

Baada ya mvuke, tandaza korosho kivulini na uziache mpaka kesho yake. Saa 12 hadi 24 za kupoa ndizo zinazolifanya ganda likauke na kuwa la kukatika. Huku pwani, mwezi wa Desemba mvua zikiwa zimetanda, korosho zinaweza kuhitaji muda zaidi na paa juu yake. Panga kazi yako hivyo: leo unapika za kesho.

Kuchoma korosho kwenye karai juu ya moto, kama wauzaji wengi wa barabarani wafanyavyo, kunafaa kwa kuuza siku hiyo hiyo. Lakini moshi wake unawasha macho na kifua, viini vinatoka na rangi tofauti tofauti, na hutaweza kuvipangia daraja. Kama lengo lako ni duka la Dar es Salaam au hoteli za Zanzibar, achana na karai.

Mikono yako, macho yako, na mabaki

Hata baada ya mvuke, mafuta ya ganda yamo. Ngozi ikiguswa inaweza kubabuka saa kadhaa baadaye, kwa hiyo usidanganyike na kutosikia kitu papo hapo. Vaa glavu za mpira nyembamba zinazokuruhusu kushika korosho. Glavu zikikosekana, pakaa mikono mafuta ya kula kisha majivu, na urudie kila unapoona vimefutika. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa uso au kumshika mtoto. Watoto wasikae mezani pa kupasulia. Miwani ya kazi haigharimu fedha nyingi, nayo inazuia tone lisiloonekana.

Kila jioni futa visu kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia. Mafuta ya ganda yakilala usiku kucha hugeuka ulimbo mgumu, na asubuhi kisu kinakuwa kinene kuliko kilivyokuwa. Noa kisu kinapoanza kuponda badala ya kukata. Dalili yake ni kuona vipande vya ganda vimeganda kwenye kiini.

Maganda yana moto mkali na watu huyapenda kwa tanuru, lakini usipikie chakula kwa maganda jikoni, kwa sababu moshi wake una asidi ile ile. Yakusanye mahali pamoja, mbali na kisima, na umtafute mwenye tanuru la chokaa au matofali ayachukue.

Ghafi, vibali na pa kununulia

Kuna watu walionunua mashine kisha wakagundua hawana korosho ya kubangua. Ghafi ya mkoa wetu inauzwa kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08: mkulima anapeleka kwenye chama chake cha msingi, chama kikuu, ambacho kwa Kilwa na Lindi ni Lindi Mwambao, kinakusanya, na mnada unafanyika. Kununua mlangoni kwa mkulima kwa vipimo visivyo rasmi, maarufu kama kangomba, ni kosa, hata kama nia yako ni kubangua na wala si kulangua. Kwa hiyo, kabla ya mashine, nenda kwa afisa ushirika wa halmashauri yako au Bodi ya Korosho Tanzania, Mtwara, uulize utaratibu wa msimu huo kwa wabanguaji wadogo. Mwenye shamba lake ana unafuu: aulize namna ya kubakiza sehemu ya mavuno yake kwa ajili ya kubangua.

Mashine yenyewe anza kuitafuta SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lenye ofisi na karakana Lindi. Faida ya kununua karibu ni kwamba kisu kikivunjika Jumanne, Jumatano umeshapata kingine. Mashine iliyoagizwa mbali inaweza kuwa bora kwa mwezi wa kwanza, kisha ikalala miezi mitatu ikingoja bolti moja. Kama utaiagiza, nunua visu, bushi na springi za kutosha msimu mzima pamoja nayo, siku hiyo hiyo.

Usisahau kwamba unatengeneza chakula. Tangu mwaka 2019 usajili wa bidhaa za chakula na majengo yake uko chini ya Shirika la Viwango (TBS). SIDO huwaandikia wajasiriamali wadogo barua za utambulisho zinazowasaidia kupata alama ya ubora, na afisa afya wa kata atataka kuona sakafu inayosafishika, maji ya kunawa na wavu wa inzi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu viulize pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo haina riba. Mkiandika maombi, msiandike "mashine ya kubangulia" peke yake. Andikeni mashine, visu vya akiba, chombo cha mvuke, oveni, mizani na mashine ya kufungia mifuko. Afisa maendeleo akiona orodha hiyo atajua mnaijua kazi.

Uamuzi

Kwa familia au kikundi cha watu watano kinachoanza Kilwa, Mchinga au Lindi mjini, ningeshauri hivi: mashine mbili ndogo za mezani zilizotengenezwa karibu, zenye visu vya bolti, skrubu ya kurekebisha na kizuizi. Chombo kimoja cha mvuke. Oveni moja ndogo. Jozi mbili za visu vya akiba kwa kila mashine. Fanyeni msimu mmoja, mkiandika kila siku kilo zilizoingia, viini vizima na vipande vilivyotoka. Msimu wa pili, kama daftari linaonyesha kwamba kupasua ndiko kunakochelewesha kazi, nunueni ya mkono na mguu. Kama linaonyesha kwamba viini vinasubiri kukaushwa au kumenywa, ongezeni oveni na mikono, wala msiguse mashine. Daftari hilo liandikwe kila jioni kabla ya watu kutawanyika, na asikabidhiwe muuzaji wa mashine kazi ya kuwaamulia.